Kadi mfukoni, njaa Likoni!

Mwenzenu nilikuwa najiona mjanja. Siku ile ya Agosti 2022 niliyoondoka Tanga kumsindikiza shangazi yangu kwenye harusi Mombasa, mfukoni nilikuwa na noti za kuhesabu na kadi ya benki, ile inayong'aa, yenye alama ya Visa pembeni. Rafiki zangu wa kijiweni Ngamiani walikuwa wameshanijaza upepo. "We si mtu wa kadi bwana! Unavuka mpaka, unachomeka, unakula maisha." Na mimi nikavimba kama andazi.

Shangazi alikuja kutoka Muheza jana yake jioni. Anakaribia miaka sabini na ushee, lakini akivaa kanga zake mbili na viatu vya kufunika anatembea kuliko sisi vijana wa chipsi mayai. Alikuwa na mkoba mmoja na kikapu cha machungwa, maana Mmuheza hatembei mikono mitupu. Bibi harusi ni binti wa mdogo wake wa kiume, baba yangu mdogo, aliyehamia Likoni zamani akaoa huko huko. Kwa hiyo shangazi ndiye mkubwa wa upande wetu, na aliahidi mbele ya watu kwamba herini za dhahabu za bibi harusi ni juu yake. Msomaji, kama wewe ni mtoto wa pwani unajua maana ya shangazi kuahidi herini mbele ya watu. Ikienda mrama, hata watoto watakaozaliwa miaka ishirini ijayo watahadithiwa.

"Shangazi, hela ya kutumia huko unayo?" nikamuuliza alfajiri tulipokuwa stendi ya Kange.

"Ya Mombasa ninayo tangu zamani," akajibu. "Wewe shughulika na yako, baba."

Nikanyamaza. Unaanzaje kumpekua shangazi?

Kutoka Tanga mjini mpaka Horohoro ni kilomita zipatazo 65. Zamani ilikuwa safari ya vumbi na mashimo, unafika umegeuka rangi, lakini lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010 mambo yakawa mteremko. Unapita Amboni, unapita Mabokweni, minazi na mikonge inakusindikiza, Duga Maforoni hiyo, na kabla mazungumzo hayajakolea umeshafika mpakani. Ukiwa Mdigo kama sisi, ule mpaka ni kitu cha ajabu kidogo. Upande huu Wadigo, upande ule Wadigo, wanasalimiana kwa lugha moja, wanaoana, wanazikana. Kinachobadilika ni bendera, na maneno mawili matatu. Kwa mfano hela.

Hapo niwape kionjo. Hili neno "hela" tunalolitumia Bongo kutwa kucha lilitoka kwa Wajerumani. Mwaka 1904 waligawa rupia yao ya Afrika Mashariki katika sarafu ndogo ndogo mia moja zilizoitwa heller, na Tanga ikiwa moja ya bandari zao kubwa, neno likatuganda hadi leo. Kabla ya hapo rupia hiyo hiyo ilikuwa na pesa 64, na hilo "pesa" nalo limekuja na bahari kutoka India. Sasa vuka pale Horohoro uone. Upande wetu unaombwa hela, ukiingia Lunga Lunga unaombwa pesa. Mjerumani hakufika huko kugawa heller zake.

Basi tukagongewa pasipoti. Siku hizi kituo ni kimoja kwa nchi zote mbili, humalizi nusu saa kama foleni si ndefu na kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano iko sawa. Nje wamejaa vijana wa kubadilisha pesa, kila mmoja na bunda lake na kikokotoo. Ile Agosti shilingi moja ya Kenya ilikuwa inacheza kwenye 19 na ushee za kwetu. Nikatoa shilingi 40,000, nikapewa kama 2,000 za Kenya, nikaziweka mfuko wa shati. Zinatosha nauli, nikajiambia, mengine kadi itajibu.

Shangazi akageukia ukutani, akafungua pindo la kanga ya ndani. Akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko karatasi, ndani ya karatasi noti 23 za Kenya, za elfu moja moja, zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Alfu ishirini na tatu! Zaidi ya laki nne za kwetu. Akanieleza kwa kunong'ona, na macho yanang'aa: ni za machungwa. Msimu wa machungwa Muheza, wafanyabiashara wa Kenya huja na malori mpaka shambani, na baadhi yao miaka ile walikuwa wakimlipa kwa pesa za kwao. Yeye kila akipata noti ya Kenya haibadilishi, anaitupa sandukuni chini ya kanga, akisema hii ni ya Mombasa. Aliziweka kuanzia 2015 mpaka 2018. Sasa alitaka avunje noti moja tu apate ndogo ndogo za kununulia watoto biskuti.

Yule kijana akaipokea, akaigeuza, akaangalia ile picha ya Mzee Kenyatta. Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Bibi, hizi hazendi."

"Haziendi wapi?"

"Hazendi popote, bibi. Zilikufa 2019."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akadhani anataka kudhulumiwa. Akaenda kwa wa pili, akaambiwa hivyo hivyo. Wa tatu akacheka, akakaripiwa na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Huyo mzee ndiye aliyemketisha shangazi, akamwagizia maji, akamweleza taratibu.

Habari yenyewe ni hii. Katiba mpya ya Kenya ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Tarehe 1 Juni 2019, sikukuu yao ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu yao akatangaza noti mpya, zile zenye jengo la mikutano la KICC, na papo hapo akatangaza kifo cha noti ya zamani ya 1,000. Zile nyingine za zamani, za 50 mpaka 500, ziliachwa ziendelee. Lengo lilikuwa ni kuwabana walioficha pesa chafu majumbani, maana mtu wa magendo haweki akiba kwa noti za hamsini. Mwisho wa kubadilisha ulikuwa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Miezi minne! Na ili watu wasizivushe kuja kuzisafishia huku, benki kuu za majirani, ya kwetu ikiwemo, zikabana ubadilishaji wa shilingi ya Kenya. Kwa hiyo ule mtego wa mapapa ulifungwa vizuri sana, na ndani yake akanaswa pia mama wa machungwa wa Muheza, ambaye redio yake ilikuwa imeishiwa betri.

Wala si Kenya tu. India usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 waliamka na tangazo la kuzifuta noti za rupia 500 na 1,000. Fikiria Watanzania wangapi huenda kule kutibiwa, mgonjwa yuko kitandani, msindikizaji ana bunda la noti, na asubuhi bunda ni karatasi. Tangu siku ile ya Horohoro mimi nikisikia mtu anasema keshi haina longolongo, namtazama tu.

Shangazi alikunywa maji. Akazikunja noti zake vile vile, karatasi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya pindo. Akainuka.

"Twende," akasema. "Harusi haingoji."

Na mimi hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Usiwe na wasiwasi shangazi. Kadi ninayo. Herini nitazilipa mimi, tutajuana baadaye." Akaniangalia, akanishika bega, akasema ahsante baba. Uzito wa ule mkono ninausikia mpaka leo.

Ndani ya matatu ya kwenda Likoni shangazi alikaa dirishani. Kilomita karibu mia. Tulipita njia panda ya Vanga, mashamba ya miwa ya Ramisi, Msambweni. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anakumbuka. Akaanza kunihadithia senti kumi ya tundu. Alipokuwa binti mdogo, anasema, walitungia senti kamba katikati, unazivaa kiunoni kama shanga, na ukienda nazo Vanga kwa bibi unanunua kashata zile zile, kwa bei ile ile, bila kubadilisha na mtu. Ni kweli. Tangu miaka ya 1920 shilingi ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga 1936. Ilikuwa na simba mgongoni na sura ya mfalme wa Uingereza mbele. Ilipofika 1966 kila nchi ikatoa ya kwake, na mwanzoni zilikuwa sawa kwa sawa, shilingi kwa shilingi. Halafu Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa Februari 1977, ukakaa umefungwa hadi mwishoni mwa 1983. Ukafunguliwa, shilingi haziongei tena. Leo ya kwao moja unaihesabia kama ishirini za kwetu. Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya mpya ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikaahidiwa 2024, sasa wanasema 2031. Shangazi akicheka alisema yeye atakuwa ameshazikwa, tumpelekee habari.

Ukunda nilishuka mbio kwenye mashine ya kutolea pesa. Nikachomeka kadi, namba ya siri, kiasi. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikanirudishia kadi na ujumbe kwamba muamala umekataliwa, niwasiliane na benki yangu. Nikajaribu nyingine jirani. Vile vile. Konda anapiga honi. Nikarudi kwenye gari nikamwambia shangazi mtandao unasumbua. Uongo wa kwanza.

Likoni tulifika saa nane mchana, njaa kali, baba mdogo yuko ng'ambo anakuja na feri. Nauli ya watu wawili na maji vilikuwa vimeshakula zile 2,000 zangu zikabaki za kurusha jicho. Pembeni pana mama anauza mahamri na mbaazi za nazi, harufu inakuvuta kwa kamba. Shangazi akaagiza sahani mbili. Nikahesabu mfukoni, pana upungufu.

"Unapokea kadi, mama?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Kadi?" Yule mama akaniangalia juu mpaka chini. "Kadi ya kliniki?"

Stendi nzima ikacheka. Mama wa watu hakuwa mbaya, akasema kaka tuma M-Pesa basi. Sina M-Pesa ya Kenya. Laini yangu ya Tanga nayo ilikuwa imegoma kushika mtandao wa kule kwa sababu sikuiwekea huduma ya nje. Mwisho tulikula sahani moja watu wawili, na machungwa mawili ya Muheza yakafidia mbaazi. Kijana wa kadi hiyo!

Sasa ngoja niwaeleze nilichokuja kukijua baadaye, maana wengi mtanaswa pale pale. Kadi kuwa na alama ya Visa au Mastercard hakutoshi. Benki kadhaa huifunga kadi isitumike nje ya nchi mpaka mwenyewe uombe, ama kwenye programu ya simu, ama kwa kujaza fomu tawini. Wanafanya hivyo kuzuia wezi wa mtandao, na wana haki. Mimi nilikuwa nimeisoma ile karatasi? Nani anasoma ile karatasi? Na kama kadi yako haina alama yoyote ya kimataifa, hiyo ni ya humu humu ndani, ukivuka Horohoro ni kama kitambulisho cha shule. Jambo lingine, benki ikitaka kukuthibitisha hutuma namba kwa ujumbe wa simu. Simu ikiwa haishiki mtandao huko uliko, namba inakuja Tanga na wewe uko Likoni.

Asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, tulivuka feri. Wa miguu pale Likoni halipi, na nashukuru Mungu kwa hilo. Kigamboni unajua mwenyewe. Tukatembea mpaka karibu na Marikiti kwa sonara, mimi, shangazi na kaka yake bibi harusi. Moyoni najiambia: mashine za kutolea pesa ziligoma, lakini ya dukani huenda ikakubali. Mtu anayezama hushika hata nyasi.

Sonara alikuwa mtu wa makamo, mpole, maneno yake yale ya Mombasa ya kuvuta. Shangazi alichagua kama mtu mwenye pesa. Alizipima kwa kuzitikisa sikioni, akazirudisha, akataka nyingine, akauliza uzito, akapunguziwa, akapunguziwa tena. Zikasimama kwenye 22,500. Ukiangalia, ni kana kwamba aliziwekea akiba kamili miaka yote ile, na ingebaki mia tano ya biskuti.

Nikatoa kadi. Sonara akainama chini ya meza, akaibuka na kimashine, akakipuliza vumbi. Nikachomeka. Kikalia. Kikakataa. Nikachomeka tena. Kikakataa tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, au masikio yangu tu. Akina mama watatu waliokuwa wanapima bangili wakanyamaza. Shangazi hakusema kitu. Alivua herini alizokuwa amejishikizia sikioni kuzitazama kwenye kioo, akaziweka juu ya meza polepole, moja, na ya pili. Akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani.

Kilichotuokoa ni simu ya yule kaka. Akaniazima, nikampigia rafiki yangu wa kijiweni Ngamiani, yule yule aliyenijaza upepo. Nikamweleza bila kuficha. Akacheka kwanza, akacheka vizuri, mimi nangoja. Halafu akauliza namba. Maana tangu 2015 laini ya Vodacom ya kwetu inaweza kutuma pesa moja kwa moja kwenye M-Pesa ya Safaricom, hela zinatoka huku kama hela, zinafika kule kama pesa, zimeshabadilishwa njiani. Alikuwa na za kununulia pikipiki. Alituma kama laki nne na arobaini, na ada juu yake. Nadhani hazikupita dakika tano, simu ya kaka ikalia. Akaandika namba ya till ya sonara, simu ya sonara nayo ikalia. Sonara akafunga herini kwenye kiboksi chekundu, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili, kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wa Mombasa wanajua kustahi.

Kesho yake vigelegele vilipigwa mpaka masikio yakaziba. Shangazi alimvika bibi harusi herini mwenyewe, na upande wa bwana harusi kutoka Kwale walitikisa vichwa. Hakuna aliyejua. Mimi deni la pikipiki nililipa mpaka Desemba, na rafiki yangu hajaacha kuniita "Kadi". Msimu uliofuata alipokea gunia la machungwa kutoka Muheza ambalo hakuliagiza.

Nimerudi Mombasa mara kadhaa tangu hapo, na kadi niliifungua ikafanya kazi. Kwa hiyo siwezi kuisema vibaya yote. Hoteli za Diani, supamaketi kubwa, hospitali, tiketi za ndege, huko kadi ni mwenyewe. Ila inang'ata. Ukitoa pesa kwenye mashine ya watu, wenye mashine wanakata, benki yako inakata, na katika kubadilisha shilingi kwenda shilingi napo pana kipande kinachukuliwa, maana mara nyingi hesabu inapitia kwenye dola kwanza. Makato mengine ni yale yale uwe umetoa elfu mbili au elfu ishirini, kwa hiyo kutoa kidogo kidogo kila siku ni kujichuna ngozi. Na mashine ikikuuliza unataka ulipe kwa shilingi ya Tanzania au ya Kenya, usione huruma ukachagua ya nyumbani. Chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilishia, na hapangi kwa kukupenda wewe.

Keshi nayo ina vituko vyake ukiacha kufa. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya iliporomoka hadi dola moja ikafika kama 160, na kufikia katikati ya mwaka ikapanda ikarudi kwenye 130. Aliyebadilisha zote Januari na aliyebadilisha Juni hawakula mahamri sawa. Dola za mabunda nazo, wengine mnazipenda, lakini noti chakavu au ya toleo la zamani utazungushwa nayo, na zile ndogo ndogo hupewa bei ya chini. Vijana wa mpakani wengi ni waungwana, ila wapo wa kukunja noti katikati ili moja ihesabike mbili. Kwa kiasi kikubwa nenda benki au duka lenye leseni, pale kwa vijana badilisha za nauli tu, uhesabu mwenyewe, na uhesabu kabla hujatoa zako.

Mimi siku hizi nina laini ya Kenya. Niliisajili kwa pasipoti yangu, na M-Pesa yake. Nikivuka tu Lunga Lunga naingia kwa wakala, naweka pesa, kuweka hakuna makato, mfukoni nabakiza za matatu na mahamri. Kadi imelala kwenye begi, imefunguliwa, kwa ajili ya dharura ya hospitali. Simu naishika kwa mikono miwili pale feri, vibaka wa Likoni hawana likizo.

Na wageni wanaokuja kwetu wasijione wamepona. Namwona mtalii kashuka Pangani, anataka boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe, katoa kadi ya dhahabu, nahodha anaitazama kama samaki asiyemjua jina. Mkenya naye anakuja Tanga na M-Pesa yake imejaa, anakuta hapa watu wanataka Lipa Namba ya mtandao wa hapa. Isitoshe tangu Machi 2025 kanuni mpya zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo zile dola zako za mezani zibadilishe kwanza benki ndipo uagize pweza.

Basi mwaka 2025 ukaingia, na Benki Kuu yetu nayo ikawa inataka noti za zamani zilizotolewa kuanzia 1985 hadi 2003, na ile ya 500 ya mwaka 2010, zirudishwe benki kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili. Usiku mmoja simu yangu ikalia. Shangazi. Safari hii redio ilikuwa na betri mpya.

Asubuhi alikuwa Tanga na mfuko wake wa nailoni. Tulikaa foleni benki, ikafika zamu yetu, akatoa noti za kwetu za zamani, nyingine sijaziona tangu niko shule ya msingi, za elfu kumi, za elfu tano, na za mia mbili nne zilizokuwa zimefifia. Binti wa kaunta akazihesabu, akaziandika, hesabu ikatimia, shangazi akatabasamu. Nikadhani tumemaliza. Akageuka kidogo, akafungua pindo la kanga ya ndani, akaweka juu ya kaunta noti 23 zilizonyooka kama zimepigwa pasi.

"Na hizi mwanangu?"

Yule binti akaziangalia, akaniangalia mimi, akaziangalia tena. "Hizi za Kenya, bibi. Muda wake ulipita."

"Najua," shangazi akasema. "Nilikuwa nauliza tu, labda wamebadili mawazo."

Akazikunja, karatasi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya pindo, tukatoka kwenda kunywa chai.